Takwimu kwa mwanafunzi wa uhandisi: anza na zege, achana na dadu

Hisabati ya uwezekano na takwimu ni nyepesi kuliko kalkulasi uliyokwisha kuimaliza mwaka wa kwanza. Kujumlisha, kugawa, kipeo cha pili, kipeuo, na jedwali moja au mawili. Wanaofeli hawaangushwi na hesabu, wanaangushwa na sentensi. Swali limekuja kwa maneno, na kabla hujaandika alama hata moja lazima uamue ni kitu gani kinachobadilika, kinapimwa kwa kizio gani, na namba ulizopewa zilipatikana vipi. Anayeruka hapo huchukua fomula sahihi na kuipachika kwenye swali lisilo lake.

Kwa hiyo dadu, sarafu na karata zipe wiki moja au mbili tu. Pata kuhesabu njia, pata tofauti kati ya matukio huru na matukio yasiyoweza kutokea pamoja (wengi huyachanganya, matukio yasiyoweza kutokea pamoja hayawezi kuwa huru, labda moja wapo liwe na uwezekano wa sifuri), halafu hamia kwenye data ya fani yako. Wa umeme ana rezista zilizoandikwa asilimia 5, wa mitambo ana vipenyo vya shafti, wa ujenzi ana kyubu za zege. Nitashika zege, maana karibu somo zima limo ndani yake.

Kyubu ya milimita 150 kila upande hukaa majini mpaka siku ya 28, kisha hupondwa kwenye mashine. Ikivunjika kwa kilonewtoni 652.5, gawa kwa eneo la milimita za mraba 22,500, unapata 29.0 N/mm². Tuseme kyubu nane zimetoa 27.4, 31.0, 29.2, 25.8, 33.1, 28.6, 30.3 na 26.6. Fanya kwa mkono, mara moja tu: wastani ni 29.0, jumla ya mikengeuko iliyopigwa kipeo cha pili ni 41.26. Ukigawa kwa 7 na kutoa kipeuo unapata mkengeuko sanifu wa 2.43. Ukigawa kwa 8 unapata 2.27. Kikokotoo chako kinakupa zote mbili, σx inayogawa kwa n na sx inayogawa kwa n − 1, na kwenye Excel ni STDEV.P na STDEV.S. Kyubu nane ni sampuli ya zege lote lililomwagwa, kwa hiyo unataka sx na STDEV.S. Kubonyeza ile nyingine ni kosa dogo lenye kupoteza alama nyingi.

Sasa mhandisi anauliza nini? Hataki wastani. Anataka nguvu ambayo ni asilimia 5 tu ya zege itakuwa chini yake, na kwa mgawanyo wa kawaida (normal, wenye umbo la kengele) hiyo ni wastani kutoa mara 1.64 ya mkengeuko sanifu: 29.0 − 1.64 × 2.43, yaani 25.0 N/mm². Hapa ndipo mtego mkubwa ulipo. Mwanafunzi aliyekariri kwamba “ukiwa na sampuli gawa kwa kipeuo cha n” anachukua 2.43 ÷ √8 = 0.86, anazidisha kwa 1.64, na kutangaza 27.6. Amejibu swali jingine. Ile 0.86 inaeleza jinsi wastani wenyewe ungeyumba endapo ungechukua kyubu nane nyingine, tena na tena. Ile 2.43 inaeleza jinsi zege linavyotofautiana kyubu kwa kyubu. Nguzo haibebwi na wastani, inabebwa na zege lililomo ndani yake. Kila swali la namna hii, andika kwanza pembeni: naulizwa juu ya kitu kimoja kimoja, au juu ya wastani?

Ukiulizwa juu ya wastani kweli, kwa kyubu nane usitumie 1.96 ya mgawanyo wa kawaida. Tumia jedwali la t, digrii za uhuru 7 (kyubu 8 kutoa 1), ambako asilimia 95 hudai 2.365. Masafa yanakuwa 29.0 ± 2.365 × 0.86, yaani ± 2.0, badala ya ± 1.7 ambayo ingekudanganya kidogo. Jedwali hilo lilizaliwa kiwandani: William Gosset, aliyeajiriwa na watengenezaji bia wa Guinness mjini Dublin, alikuwa na sampuli ndogo ndogo mikononi, akachapisha kazi yake mwaka 1908 kwa jina la “Student”. Kwa hiyo si pambo la wanahisabati, ni jibu la mtu mwenye vipimo vichache.

Usichokikuta kwenye fomula yoyote ni hiki: kyubu zote nane zikitoka kwenye lori moja la zege, mkengeuko utakuwa mdogo na ripoti itapendeza, lakini umepima tofauti za ushindiliaji na za mashine, hujapima tofauti za mchanganyiko mmoja na mwingine. Neno “huru” kwenye kitabu maana yake ni hii. Likikosekana, hakuna jedwali litakalokuokoa.

Ili mambo haya yakae kichwani, fanya jaribio la kompyuta. Hata Google Sheets ya kwenye simu inatosha. Kwenye A1 andika =NORM.INV(RAND(),29,2.43), buruta hadi H1, kisha shusha hadi safu ya 1,000. Kila safu ni “kyubu nane”. Kwenye I1 weka =AVERAGE(A1:H1), J1 =STDEV.S(A1:H1), K1 =I1-1.64*J1, nazo zishushe hadi safu ya 1,000. Tafuta mkengeuko sanifu wa safuwima I yote: utaelea karibu na 0.86, bila kumwamini mwalimu wala kitabu. Halafu itazame K. Jibu la kweli ni 25.0, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyelitengeneza, lakini majibu mengi yatatawanyika kati ya takribani 22 na 28. Ukishaona hivyo kwa macho yako hutashangaa kwa nini 1.64 peke yake haitoshi sampuli inapokuwa ndogo.

Kuchagua mgawanyo kunatisha bure. Jiulize unahesabu au unapima. Unahesabu mafanikio katika majaribio yenye idadi maalumu, ni mgawanyo wa binomial (uleule wa kwenye slaidi zako). Unahesabu matukio katika muda au urefu bila kikomo cha juu, kama kasoro kwa kila kilomita ya waya, jaribu Poisson. Unapima muda wa kusubiri tukio kama hilo, ni eksponensha. Kifaa kinachochakaa kinahitaji Weibull, kwa kuwa eksponensha huchukulia kwamba pampu ya miaka kumi ni sawa na mpya. Mgawanyo wa kawaida unafaa pale vyanzo vingi vidogo vinapojumlishwa.

Neno “angalau” likitokea, geuza swali. Kalavati limesanifiwa kwa mafuriko ya miaka 50, yaani uwezekano wa 0.02 kila mwaka. Uwezekano wa kuzidiwa angalau mara moja ndani ya miaka 50 ni 1 − 0.98⁵⁰, karibu 0.64. Wengi hujibu 1, kwa kujumlisha 0.02 mara hamsini.

Bayes (uwezekano wa chanzo ukishayaona matokeo) nayo iache fomula, chukua idadi kamili. Mishono 1,000 ya kuchomelea, 20 ina nyufa. Kipimo kinagundua asilimia 90 ya nyufa, na kinapiga kelele za uongo kwa asilimia 5 ya mishono mizima. Nyufa zilizogunduliwa: 18. Mizima iliyosingiziwa: asilimia 5 ya 980, yaani 49. Basi mshono uliokataliwa una ufa kwa uwezekano wa 18 ÷ 67, kama 0.27. Ukiandika hivi kwenye mtihani kisha ukaibadili kuwa fomula, unapata alama zote na unajua ulichofanya. Mtego huohuo umo kwenye thamani ya p: 0.03 haimaanishi kwamba dhana sifuri (ile isemayo hakuna tofauti) ina asilimia 3 ya kuwa kweli. Inasema data ya namna hii, au kali zaidi, ni adimu kiasi hicho endapo dhana hiyo ni kweli.

Data iliyoachwa nje ni hatari kuliko fomula mbovu. Kabla ya chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kulipuka tarehe 28 Januari 1986 na kuua watu saba, wahandisi walikuwa wamejadili athari ya baridi kwenye pete za mpira za roketi, lakini ulinganisho uliangalia safari zilizopata madhara tu, na humo uhusiano na jotoridi haukuonekana. Tume iliyochunguza ilizirudisha safari zote: kwenye nyuzijoto 66 za Fahrenheit au zaidi, 3 kati ya 20 zilikuwa na madhara, kwenye 63 au chini, zote 4. Ukipewa jedwali la vifaa vilivyoharibika, uliza vile vizima viko wapi.

Kuhusu mtihani, moja tu. Kabla ya siku yenyewe, angalia jedwali la z (la mgawanyo wa kawaida) mtakalopewa linaanzia wapi. Soma safu ya 1.64: likisema 0.9495, linahesabu eneo lote la kushoto, likisema 0.4495, linaanzia katikati, na lazima uongeze 0.5. Chora kengele kila swali, tia kivuli upande unaoutaka, ndipo usome namba.