Mahindi, soya na nitrojeni ndani ya kompyuta: majibu kwa maswali yenu

Nimeiga miaka 20 kwa DSSAT, programu ya kompyuta inayokadiria ukuaji wa mazao. Mahindi yanayofuata soya yanatoa mavuno sawasawa na yanayofuata mahindi. Ina maana soya haisaidii?

Inasaidia, ila umeiendesha programu kwa namna inayofuta msaada huo. Uchambuzi wa msimu (faili la SNX) huurudisha udongo kila mwaka kwenye hali ya kuanzia: unyevu uleule, nitreti (nitrojeni ambayo mizizi huifyonza) ileile. Kilichoachwa na soya kinafutika kabla mahindi hayajapandwa. Andaa jaribio upya kama mfululizo (SQX), ili hali ya udongo zao moja linapokwisha iwe ndiyo mwanzo wa zao linalofuata. Kwenye APSIM, programu nyingine ya aina hiyo, hesabu huendelea siku hadi siku, mradi uondoe kanuni inayorejesha maji na nitrojeni kwenye hali ya kuanzia kila mwaka.

Halafu hakikisha hesabu ya nitrojeni na ya usimikaji wake (mikunde kama soya kuichukua kutoka hewani) zote zimewashwa. Usimikaji ukizimwa, soya inakula nitrojeni ya udongo kama mahindi.

Na usiruke miezi shamba linapokaa tupu. Katika mfululizo wa DSSAT kipindi hicho huandikwa kama zao, kwa alama FA. Huku kwetu mwanzo wa mvua ndipo nitreti hutoka kwa wingi, H. F. Birch aliliandika hilo akiwa Muguga, Kenya, miaka ya 1950: udongo uliokauka ukilowa tena huachia nitrojeni kwa mkupuo. Modeli hizi hufuata unyevu na joto tu, kwa hiyo mkupuo wenyewe hutoka mdogo kuliko ulivyo shambani. Kama una vipimo vya wiki ya kwanza ya mvua, tegemea vizidi vya kompyuta.

Maabara imenipa nitreti 44 mg kwa kilo, sentimita 0 hadi 20. Niingize hivyohivyo?

Waulize kwanza: ni nitreti nzima au nitrojeni iliyomo ndani yake? Modeli inataka nitrojeni. Kama ni nitreti nzima, gawanya kwa 4.43, upate karibu 10. Kwa udongo wenye uzito wa 1.3 g kwa sentimita ya ujazo, zidisha: 10 × 1.3 × 20 × 0.1 = kilo 26 kwa hekta. Ukiingiza 44 moja kwa moja unapata kilo 114. Tofauti hiyo ni karibu mifuko minne ya urea ya kilo 50 ambayo hakuna aliyeinunua, na mahindi yasiyo na mbolea yatapendeza sana msimu wa kwanza. Kosa hili tunaliona mara nyingi kuliko yote.

Nina jumla ya mvua ya kila mwezi tu. Nikigawanya kwa 30?

Hapana. Milimita 120 zinakuwa 4 kila siku, zinakaushwa na jua palepale juu, na nitreti haizami hata kidogo. Mvua halisi ya milimita 50 kwa mchana mmoja ndiyo inayoisukuma chini ya mizizi, hasa kwenye kichanga. Chukua CHIRPS, data ya mvua ya bure mtandaoni, ina mvua ya kila siku tangu 1981 kwa vipande vya kilomita 5 hivi. Mionzi ya jua na joto chukua NASA POWER, data ya hali ya hewa ya NASA, ila kwenye milima joto lake lisahihishe kwa kituo cha karibu, maana kipande chake kimoja hubeba mlima na bonde kwa pamoja.

Niiambie modeli soya inaongeza kilo ngapi za nitrojeni?

Usiiambie, iache ihesabu, kisha uikague. Tuseme soya imebeba kilo 120 za nitrojeni kwa hekta, asilimia 60 imetoka hewani: hizo ni 72. Tani 1.5 za punje zenye nitrojeni asilimia 6 zinaondoka na 90. Shamba limepoteza 18, hata mabaki yakibaki yote. Mahindi bado yatanufaika, kwa kuwa majani ya soya huoza upesi na mabua ya mahindi, yenye kaboni nyingi, hufunga nitrojeni kwa muda. Wakulima wenu wakibeba mabaki kulisha ng'ombe, andika hivyo kwenye faili, wengi husahau.

Kaboni ya udongo inaporomoka miaka mitatu ya kwanza, kisha inatulia.

Hilo si shamba, ni namba zako za kuanzia. Ama umenakili kaboni ya tabaka la juu hadi mita moja chini, ama sehemu ya kaboni isiyooza umeiweka ndogo mno. Kwenye APSIM sehemu hiyo huanzia kama 0.4 juu na kukaribia 1 chini kabisa. Rekebisha, kisha iendeshe historia halisi ya shamba kwa miaka 10 hadi 20 kabla ya kuanza kulinganisha mizunguko ya mazao.

Mbona mavuno ya kompyuta ni maradufu ya shambani?

Kwa kawaida modeli haihesabu kiduha, viwavijeshi wala upungufu wa fosforasi. Usibane nitrojeni ili namba zifanane; utaharibu kilichokuwa sahihi. Linganisha na viwanja vilivyopaliliwa na kupewa fosforasi ya kutosha.