Maswali ya Wasomaji: Nianze Uwakili au Nianze Kichina?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni binti wa miaka 25, nakaa Soweto hapa Moshi. Nimemaliza shahada ya kwanza ya sheria Dodoma, na nilipokuwa chuoni nilijiunga na darasa la Kichina la Taasisi ya Confucius nikafaulu HSK, ule mtihani wa kupima Kichina cha wageni, ngazi ya 3. Sasa nataka kusoma shahada ya uzamili ya lugha na utamaduni wa China. Baba anataka nimalize kwanza uwakili, kwa sababu anasema lugha ni kazi ya wakalimani; mjomba anasema ufadhili ukitokea usiuachie. Nimesoma pia kwamba Marekani mtu anaweza kusoma sheria na masomo ya China kwa pamoja na kupata shahada mbili. Nishike njia ipi? Na je, shahada ya utamaduni itanisaidia chochote katika sheria, au ni heri nisome uzamili wa sheria za China unaofundishwa kwa Kiingereza? – B.M., Moshi.

JIBU: Marahaba, binti. Tuanze na hilo la Marekani, maana ndilo jepesi. Kule sheria haisomwi kama shahada ya kwanza: mtu humaliza shahada nyingine, ndipo akasoma sheria kwa miaka 3 na kutunukiwa shahada inayoitwa JD. Vyuo kadhaa humruhusu mwanafunzi wa JD kuiunganisha na uzamili wa masomo ya Asia ya Mashariki, na kwa kuwa baadhi ya masomo huhesabiwa pande zote mbili, safari ambayo ingekula miaka 5 huishia kwenye 4. Wewe shahada ya sheria unayo tayari, kwa hiyo kuunganisha kwako ni kupanga hatua mbili zifuatane bila kuharibiana. Ada za kule sizitaji, mzee asije akalikunja gazeti kabla hatujafika mbali.

Kuhusu mpangilio, baba yako yuko sahihi, ingawa sababu aliyoitoa siikubali. Jambo ambalo wanafunzi wengi wanaokwenda China hawaambiwi mapema ni kwamba mtihani wa taifa wa kufuzu taaluma ya sheria nchini humo ni wa raia wa China peke yao. Hata ukikaa kule mpaka ukaandika Kichina kama mzaliwa wa Beijing, hutakuwa wakili wa China. Thamani yako itatokana na kuwa wakili wa Tanzania anayeweza kuusoma mkataba wa Kichina mwenyewe, bila kusubiri tafsiri ya mtu mwingine. Uutoe uwakili katika hesabu hiyo, unabaki mkalimani aliyewahi kusoma sheria, na wakalimani wanazidi kuongezeka: Taasisi za Confucius za Dodoma na za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zimekuwapo tangu 2013, na Kichina sasa kinafundishwa katika baadhi ya shule za sekondari.

Sababu nyingine ni ya kivitendo zaidi. Ili uombe kwa Jaji Mkuu kukubaliwa kuwa wakili, unapaswa kupita kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo kila mtu anaiita Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Sina haja ya kukueleza ugumu wake. Unakumbuka kwamba mwaka 2022 matokeo yake yalizua mjadala mkubwa hadi serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kwa nini wanafunzi wengi wanaanguka. Mtu aliyetoka chuoni juzi, ambaye sheria ya ushahidi na mwenendo wa mashauri ya madai bado vimo kichwani, ana nafuu kubwa kuliko yule anayerudi baada ya miaka mitatu ya kusoma mashairi ya enzi ya Tang. Tena, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, wakili anatakiwa aandike hoja zake kwa Kiswahili kilichonyooka, na ustadi huo hutaupata Shanghai.

Hoja ya mjomba nayo isitupwe, ila haina haraka anayoidhani. Ufadhili wa Serikali ya China kwa shahada ya uzamili hupokea waombaji walio chini ya miaka 35, na wewe una 25. Mwaka wa Law School, na hata mwaka mmoja wa kazi baada ya kuapishwa, haukufungii mlango. Kitakachokuharibia ni kuacha Kichina kilale. Ngazi ya 3 katika mtaala uliozoeleka wa ngazi 6 ni kiasi cha maneno 600. Yanatosha kuagiza chakula na kuuliza njia, lakini hayatoshi kusoma hata aya moja ya mkataba. Jambo jingine ni kwamba vyuo vya China kwa kawaida hukubali matokeo ya HSK yasiyozidi miaka 2, kwa hiyo cheti ulicho nacho usikitegemee. Mwaka huo utakuwa Dar es Salaam kwa ajili ya Law School, na Taasisi ya Confucius iko huko huko. Fanya mtihani wa ngazi ya 4 kabla hujaomba, na ukiweza wa 5.

Sasa tufike kwenye aina ya shahada, na hapa ndipo ninapotaka ukae chini ufikiri. Uzamili wa sheria za China kwa Kiingereza upo, na vyuo kama Tsinghua na Chuo Kikuu cha Peking vinautoa. Peking pia wana Yenching Academy, ambako masomo ya China hufundishwa kwa Kiingereza na mwanafunzi anaweza kuchagua mkondo wa sheria na jamii. Ni masomo yenye heshima. Shida yake kwako ni kwamba unaweza kuyamaliza yote, ukarudi na cheti kizuri, na bado ukawekewa mbele waraka wa Kichina usiweze kuufungua. Utakuwa unaijua sheria ya China kwa tafsiri, na tafsiri hiyo hiyo mtu yeyote anaweza kuisoma akiwa amekaa Moshi.

Ndiyo maana mimi, nikilazimika kuchagua, ningekupeleka kwenye uzamili wa lugha na utamaduni unaofundishwa kwa Kichina, wenye tasnifu, halafu tasnifu hiyo uielekeze kwenye sheria. Kichina cha nyaraka za serikali na za sheria ni cha mkato, kina miundo iliyorithiwa kutoka maandishi ya kale, na hata mtu aliyefaulu HSK ya juu kabisa hukutana nacho akaduwaa. Historia nayo si pambo. Sheria za kisasa za China zilichota sana kwa Ujerumani, nyingi zikipitia Japani. Kanuni yao ya sheria za kiraia yenye vifungu 1,260 ilianza kutumika Januari 1, 2021. Na mahakama zao huwasukuma wadaawa kupatana kabla ya hukumu kwa namna ambayo huielewi mpaka uijue jamii yenyewe. Wakili wetu aliyelelewa kwa mfumo wa sheria wa Uingereza atakimbilia kutafuta hukumu zilizotangulia, wakati mwenzake wa China anatafuta kwanza kifungu, kisha ufafanuzi uliotolewa na Mahakama ya Juu ya Watu, ile ya juu kabisa nchini humo, ambao unazibana mahakama za chini.

Nikupe mfano wa hapa hapa nyumbani. Novemba 2022 Tanzania na China zilikubaliana parachichi letu liingie soko la China. Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa Hai kinaletewa mkataba wa kuuza parachichi, safu moja Kiingereza na safu nyingine Kichina. Mwanasheria wa kawaida ataisoma safu ya Kiingereza, ataona jina la mnunuzi na sahihi, ataridhika. Wewe utaanzia chini ya ukurasa wa mwisho, kwenye muhuri mwekundu wa duara wenye nyota katikati, maana kule muhuri ndio unaobeba uzito. Jina la kampuni linalotambulika kisheria ni lile la herufi za Kichina lililo kwenye leseni ya biashara. La Kiingereza kampuni hujichagulia tu. Utazisoma herufi zilizoizunguka nyota na kuzilinganisha moja baada ya nyingine na zile za leseni, utakagua namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18, utatafuta jina la mwakilishi wa kisheria, ambaye leseni hiyo hiyo humtaja na ambaye ndiye anayeiwajibisha kampuni. Ukikuta herufi moja tu imetofautiana, huenda wakulima wanataka kusaini na kampuni ambayo siyo waliyoonyeshwa.

Ukimaliza hapo unapanda juu kutafuta kifungu cha lugha: safu mbili zikipingana, ipi itashika? Kisha kifungu cha migogoro. Mikataba mingi ya upande wao hupeleka shauri kwenye usuluhishi wa CIETAC, tume ya China ya kusuluhisha migogoro ya biashara ya kimataifa, yenye makao Beijing. Kwa kuwa Tanzania ilijiunga na Mkataba wa New York, ule wa kutambua maamuzi ya usuluhishi ya nchi za nje, mwaka 1964 na China mwaka 1987, tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, itakayotolewa kule inaweza kuletwa mahakamani hapa ikakaziwe, kwa hiyo mkulima wa Hai asidhani kwamba Beijing ni mbali. Kazi yote hiyo, kuanzia kwenye muhuri hadi kwenye usuluhishi, inahitaji sheria na lugha katika kichwa kimoja. Baba yako akiuona mfano huu nadhani atalegeza neno lake kuhusu wakalimani.

Tahadhari moja. Kuna uzamili wa kufundisha Kichina kwa wageni ambao una ufadhili wake maalumu, na waombaji huukimbilia kwa sababu hiyo. Ni shahada nzuri kwa mwalimu. Kama hutaki kushika chaki, usiichukue kwa kuwa tu mlango wake uko wazi.

Maombi ya ufadhili wa Serikali ya China kwa kawaida hupokelewa kati ya Desemba na Machi kwa masomo yanayoanza Septemba, ama kupitia ubalozi na Wizara ya Elimu, ama chuoni moja kwa moja. Hugharamia ada, malazi na bima ya afya, pamoja na posho ya yuan 3,000 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa uzamili. Nauli usidhani imo mpaka uione imeandikwa. Anayetaka kusoma kwa Kichina naye hajafikia kiwango huongezewa mwaka wa maandalizi ya lugha. Utatakiwa kuwa na barua mbili za wahadhiri wa ngazi ya uprofesa, na hizo ziombe sasa hivi kabla hawajakusahau sura. Katika mpango wako wa masomo usiandike kwamba unaupenda utamaduni wa China, kwa kuwa kila mwombaji ataandika hivyo. Andika swali. Kwa mfano, mkataba wa kulinda uwekezaji ambao nchi hizi mbili zilisaini 2013 na ukaanza kutumika 2014: maandishi yake ya Kichina na ya Kiingereza yanalingana kiasi gani katika vifungu vya migogoro? Anayesoma maombi hayo ataona mara moja kwamba mwanasheria ndiye anayeomba.

SWALI: Mshauri, kijana wangu amemaliza kidato cha sita na anataka kwenda China moja kwa moja kusoma shahada ya kwanza ya sheria kwa Kichina, arudi kufanya kazi Arusha kwa kuwa mji wetu una mahakama za kimataifa. Nimruhusu? – Mzazi, Ngaramtoni.

JIBU: Mzazi mwenzangu, simshauri. Atatumia mwaka wa kwanza kusoma lugha, kisha miaka 4 kusoma sheria za nchi ambayo hawezi kuwa wakili wake. Akirudi ataomba Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) itambue shahada hiyo, na hata ikitambuliwa, atakabiliana na Law School akiwa hajasoma sheria zetu za ardhi, ushahidi wala mwenendo wa mashauri. Kuhusu Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na ile ya Afrika Mashariki zote mbili zina lugha zao rasmi, na Kichina hakimo. Mahali ambapo Kichina kinatakiwa mjini kwenu ni kwenye ujenzi, kama ule wa uwanja wa mpira wa AFCON 2027 ambao mkandarasi wake ni kampuni ya China, na kwenye biashara ya madini na utalii. Asome sheria hapa nchini, Kichina akisome pembeni kuanzia mwaka wa kwanza, na China aiendee kwa uzamili. Kama ameshaamua na hashikiki, basi angalau ahakikishe kabla ya kuondoka amepata TCU hati ya kutokuwa na pingamizi, ili asije akaanza kuhangaika nayo baada ya kurudi.