Silvanus, Baba wa Mwaloni: maswali ya wachezaji

Maswali ya safari hii yanamhusu Silvanus, mungu wa pori katika Forgotten Realms, ulimwengu wa mchezo wa Dungeons & Dragons. Kanuni tunazozitaja ni za toleo la 2014.

Mhusika wangu alizima moto msituni, mwendesha mchezo akasema Silvanus kakasirika. Si mungu mwema huyu?

Si mwema, si mwovu. Msimamo wake ni wa kati, na anachokilinda ni mizani ya pori, si huruma. Basi uliza kwanza nani aliuwasha. Moto wa radi ni mali ya pori: unafyeka vichaka vilivyokauka, na ziko mbegu zisizochipua bila joto lake. Moto wa mtu anayetaka shamba ni kosa, na kuuzima ni ibada. Kama ulikuwa wa radi, hasira ina mantiki, ingawa sisi tungetanguliza ishara (mwaloni kupukutisha majani si msimu wake, kwa mfano) kabla ya adhabu. Mchezaji asiyeonywa hujifunza kumwogopa mwendesha mchezo tu.

Nimtumikie nikiwa kasisi au druidi (mganga wa pori mwenye uchawi wa asili)?

Tazama kwanza kikundi chenu kina nani wa kusimama mbele. Kama hamna, chukua kasisi wa Nyanja ya Asili: tangu daraja la 1 anavaa deraya nzito, anapata uchawi mdogo mmoja wa kidruidi, na ujuzi mmoja kati ya kushughulika na wanyama, elimu ya asili au kuishi porini. Druidi hakubali deraya wala ngao ya chuma, kwa hiyo hupigika kirahisi. Faida yake huja daraja la 2: kujigeuza mnyama mara 2, kisha mpaka apumzike. Wengi hupanga kuwa tai mapema, wakakwama. Daraja la 2 linaruhusu wanyama wa kiwango cha ugumu kisichozidi robo (1/4), wasioruka wala kuogelea. Mbwamwitu anafaa, tai msubiri daraja la 8.

Nguvu ya kasisi wa Nyanja ya Asili ya kutuliza wanyama na mimea imegoma kwa dubu-bundi. Kwa nini?

Kwa sababu kikanuni dubu-bundi si mnyama, ni zimwi. Manyoya na makucha yasikudanganye. Soma aina iliyoandikwa chini ya jina lake. Mbwamwitu ni mnyama, mti unaotembea ni mmea, wote hao wanaingia. Lazima wawe ndani ya futi 30 (kama mita 9) na wawe wanakuona, kisha warushe kete ya Hekima ili kujikinga. Aliyeshindwa hutulia dakika 1, yaani raundi 10. Kinachoharibu zaidi ni mwenzako mwenye upinde: akimjeruhi mmoja, huyo mmoja anazinduka papo hapo. Waambie wenzako kabla hujaitumia.

Mielikki na Eldath wana tofauti gani naye?

Wote wawili ni miungu walio chini yake. Mielikki ni wa misitu, alama yake kichwa cha nyati wa pembe moja. Eldath ni wa amani, alama yake maporomoko yanayotua kwenye dimbwi tulivu. Hao ni wema. Ukitaka mungu mpole, nenda kwao.

Nataka sadaka inayoaminika. Nianzie wapi?

Jina la Silvanus ni la mungu wa misitu wa Warumi, na Cato, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 2 KK, ametuachia vipimo. Kuwaombea ng'ombe afya, mchana, msituni, kwa kila kichwa: ratili 3 za nafaka, 4½ za mafuta ya nguruwe, 4½ za nyama, na vipimo 3 vya divai. Mwanamke haruhusiwi kuhudhuria wala kutazama. Mwiko huo uache, maana Silvanus wa Forgotten Realms hana. Vipimo vichukue, kisha uzidishe kwa idadi ya ng'ombe: kijiji chenye ng'ombe 20 kinahitaji ratili 90 za nyama, na hapo ndipo wachezaji wataanza kujadiliana na wanakijiji.