Barua kwa mwanangu: kuhusu kilti ya mwenzako na kadi ya tai nyeusi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Muheza. Sisi wazima, mvua zimeanza, na mama yako ameshapata ile dawa ya macho, kwa hiyo usimpigie tena simu ya kumgombeza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mmealikwa karamu ya jioni huko Geneva, wageni watakuwa wa mataifa mengi, kadi imeandikwa "tai nyeusi", yaani vazi rasmi la jioni, bila neno la ziada, na mwenzako, huyo mkwe wangu Mskoti, anataka kwenda na kilti yake, lile vazi la marinda la wanaume wa kwao. Unaogopa ataonekana kama mtu aliyekuja kutumbuiza. Unaniuliza mimi niliyesoma Edinburgh: inafaa au haifai?

Jibu lenyewe ni fupi. Kwao Uskoti, kadi ya tai nyeusi ikifika, kilti ni vazi halali sawa na suti ya jioni, mradi ivaliwe na vyake vyote: lile koti fupi wanaloliita Prince Charlie, kizibao, tai ya kipepeo nyeusi, sporani ya jioni, kile kimkoba cha mbele, yenye mnyororo, soksi za kufika chini ya goti, na viatu vya kamba ndefu zinazozungushwa kifundoni. Nje ya Uskoti, kadi nyingi za aina hiyo huongeza "au vazi la taifa". Hata Stockholm, tarehe 10 Desemba wanapogawa tuzo za Nobel, asiyevaa koti la mkia anakaribishwa na vazi la kwao. Yenu haikuongeza. Basi mwandikieni mwenyeji mistari miwili mumuulize. Kuuliza ni heshima kwake na hakuwagharimu kitu.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini wewe hukuuliza kama inaruhusiwa, hata kama ndivyo ulivyoandika. Na mimi nimesema humu ndani tangu mko wadogo, kaka yako hucheka nikianza tu: vazi halitaki ruhusa, linataka utaratibu.

Sidhani kama niliwahi kuwasimulia vizuri ile karamu ya Edinburgh. Mama yako anaijua, ndiyo maana ameondoka mezani. Wakati ule Mwalimu bado yuko Ikulu, nami nina miezi michache tu pale. Chama kimoja cha kuwakaribisha wanafunzi wa kigeni kikatualika chakula cha jioni. Kadi yetu ilikuwa na maneno ambayo yenu haina: tai nyeusi au vazi la taifa. Nikaenda dukani nikakodi suti ya jioni. Suruali ilikuwa ya mtu mfupi na koti la mtu mnene. Mnaijeria tuliyekaa naye bweni moja akaja na agbada ya samawati, ukimtazama unadhani ukumbi ni wa babu yake. Mhindi na koti lake la kufunga mpaka shingoni. Waskoti wenyewe, meza kwa meza, magoti nje. Waliovaa nyeusi tupu kama mimi walikuwa wachache, na wengi wao walishika sinia.

Nikakalishwa karibu na mzee mmoja mstaafu wa jeshi. Akanipima kutoka kola hadi kiatu, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea gwaride: "Na wewe kijana, umekuja kama taifa gani?"

Nikasema, Tanzania.

Akaitazama tena ile suti. "Mimi nilidhani London."

Meza ikacheka. Nami nikacheka, ungefanyaje?

Majibu niliyompa mzee yule tangu siku hiyo yangejaza daftari. Humjibu nikinyoa ndevu. Humjibu nikipalilia michungwa. Mengine ni makali, mengine hata wewe ungenipigia makofi, lakini yote yanakwama mahali pamoja: sawa, ningevaa nini? Kanzu? Babu yako aliivaa kanisani Magila mpaka anakufa, lakini mtu wa Mbeya angesema hiyo ni ya watu wa pwani. Suti za Chuenlai kama za Mwalimu? Jina lake tu, la yule waziri mkuu wa Uchina, linakwambia mshono ulikotoka. Lubega ya Wamasai? Mwaka 1967 na 1968 serikali yetu wenyewe, si mkoloni, iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache mavazi yao wavae "kisasa". Unaona. Kumbe yule mzee aliuliza swali la haki kwa ulimi mbaya. La, nafuta: si haki kumwuliza mgeni hivyo mbele ya watu. Lakini swali lilikuwa la haki.

Na ajabu ni kwamba baada ya kunichoma, usiku mzima alinifundisha. Labda aliona haya, labda alifurahi kupata msikilizaji. Ndiye aliyenionyesha kwamba marinda yote hukaa nyuma na mbele pakawa bapa, kwamba ncha ya bapa hilo huangukia upande wa kulia, kwamba ile pini hushika kitambaa cha juu peke yake, ukiishikiza na cha chini umeharibu mwanguko wote. Pindo lifike katikati ya goti. Ukipiga magoti sakafuni lisiguse chini. Yadi nane za sufu kwa mtu mmoja! Nilimuuliza joto likoje, akasema hajawahi kuishi mahali penye joto.

Ndiye pia aliyeniambia habari ya marufuku. Baada ya vita vya Culloden, waasi wa milimani Uskoti waliposhindwa mwaka 1746, Bunge la London lilitunga sheria: mwanamume wa milimani akionekana na kilti au tartani, kile kitambaa chao cha mirabamiraba, kosa la kwanza jela miezi sita, la pili anasafirishwa ng'ambo kwenye makoloni kwa miaka saba. Waliosamehewa ni askari wa mfalme tu. Sheria ikafutwa 1782. Halafu mwaka 1822 Mfalme George wa Nne anakwenda Edinburgh, mwandishi Walter Scott anampangia sherehe nzima, na mfalme mnene wa Kiingereza anajitokeza amevaa kilti na soksi ndefu za rangi ya ngozi! Vazi la jela likawa vazi la ikulu, na aliyelisafisha ni mjukuu wa jamaa ileile iliyolipiga marufuku. Nikimwambia mzee yule lolote leo, ningemwambia hilo: nyinyi mlipewa mfalme wa kuwavalia, sisi tukapewa kampeni.

Kuna wasomi wanaosema hata hiyo kilti fupi si ya kale, kwamba aliyeifupisha katika karne ya 18 ni Mwingereza mwenye tanuri la chuma huko milimani, jina lake Rawlinson. Waskoti wengi hawataki kusikia. Mimi ugomvi huo siuingii, kwa sababu hauamui kitu. Kanga nayo ina umri gani? Na nani atathubutu kumwambia bibi yako kwamba si ya kwao?

Nirudi kwa mwenzako. Hofu yako ni kwamba watamcheka. Watu huchekwa, ni kweli. Mwaka 2004 aliyekuwa waziri kiongozi wa Uskoti, Jack McConnell, alikwenda New York kwenye onyesho la mitindo la wiki ya Waskoti akiwa na kilti ya mistari myembamba, mistari ya suti ya benki, na magazeti ya kwao yakamwandama kwa miaka. Waliomcheka kuliko wote si Wamarekani. Ni Waskoti. Walimcheka kwa sababu alichanganya, akataka kilti ifanane na suti. Miaka minne kabla yake Sean Connery alipiga goti mbele ya Malkia katika kasri la Holyrood, Edinburgh, kupewa heshima ya "Sir", akiwa na kilti ya ukoo wa mama yake na vyake vyote. Hakuna aliyecheka. Utaratibu, mwanangu. Vazi halitaki ruhusa.

Ingawa hapo najipinga mwenyewe, maana wakati mwingine linataka. Kenya, Novemba 2023, Spika alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, na Rais wao mwenyewe alikuwa hazivui. Suti ya Kaunda ina utaratibu wote unaoutaka, imepigwa pasi, ina jina la rais aliyeongoza Zambia miaka 27, bado ikaambiwa ikae nje. Kwa hiyo mwenye nyumba ana neno lake. Ukialikwa kwa mtu, nyumba ni yake. Mtu anayegeuza chakula cha mwenzake kuwa jukwaa la asili yake naye hana adabu, hata kama asili yake ni nzuri. Na Geneva si Edinburgh. Lakini tena, kama kadi ni ya mataifa, mbona nguo ni ya taifa moja? Hiyo tai nyeusi nayo ilishonwa kwa watu fulani, mahali fulani. Basi tu imesahaulika kwamba ni vazi la kabila.

Mama yako amerudi. Anasema nakuzungusha.

Nitakwambia nilichokiona harusini kwenu basi. Wewe ulikuwa bado ndani unasukwa, hukuona. Mkwe wangu alishuka kwenye gari mbele ya kanisa saa nne asubuhi, jua la Muheza linawaka, na yadi nane za sufu kiunoni. Watoto wakaja mbio kutoka sokoni. Bibi yako akasogea, akayashika marinda, akayafungua moja moja kama anayekagua kitambaa dukani, kisha akatangaza: "Doti mbili na ushee! Kwa mwanamume mmoja!" Jasho lilimtiririka mkwe, lakini hakuvuta nguo, hakuziba magoti, hakutoa kile kicheko cha mtu anayeomba radhi. Akamwambia bibi kwa Kiswahili chake kile, "Mama, ni nzito." Bibi akamfundisha namna ya kukaa ili asituaibishe, ayakusanye nyuma kwa mkono kabla ya kuketi, na mkwe akamfuata neno kwa neno ingawa hakika alishayajua tangu utoto. Siku ile niliacha kuwa na wasiwasi juu yake. Siisemei kilti, namsemea yeye.

Kuna na habari ya kisu, kile kidogo kinachoingizwa kwenye soksi ya kulia. Usimruhusu akibebe mkononi ndani ya ndege, kitachukuliwa. Kiende kwenye sanduku la chini, na mlangoni pa karamu mwulizeni mlinzi mapema. Waomani huenda kwenye sherehe rasmi na jambia kiunoni na hakuna anayekimbia, hata bendera yao inalo, lakini wao hufika kama ujumbe wa serikali. Ninyi mnafika kwa teksi. Kilti bila kisu haipungukiwi kitu.

Unataka neno langu la mwisho na mimi nimejizuia kurasa zote hizi kwa taabu kubwa. Mama yako anasema nimeshalisema. Sijalisema. Yeye ni mtu mzima, ana mwili wake na taifa lake, na mwenye kadi atawajibu. Ninalo, lakini nalimeza.

Kitu ambacho hukuniuliza, na nimeshangaa, ni utavaa nini wewe. Kadi ina majina mawili. Kurasa nzima umeandika juu ya magoti ya mwenzako, juu yako hakuna hata nusu mstari, ila "mimi nitapata gauni lolote jeusi". Gauni lolote! Mzee wa Edinburgh angekutazama kutoka kola hadi kiatu. Mama yako ana kitenge kizito cha zambarau alichonunua Tanga mwaka jana, hajakikata, na fundi wetu wa Ngamiani anashona gauni refu la jioni ukimwonyesha picha. Tuma vipimo vyako wiki hii, vya kweli, si vile vya kabla ya mtoto, maana Pasaka ikikaribia hapokei kazi ya mtu.

Msalimie mkwe wangu na umbusu mjukuu.

Baba yako