Sukuma wiki yangu imevuka Februari, na jirani ameanza kuulizia pumba

Juzi msomaji wa Sakina, Arusha, ameniandikia: "Dada, maji yanatoka mara mbili kwa wiki, mchicha umekauka, nifanyeje?" Pole mwaya. Mwaka jana ningekuandikia mimi.

Mwaka jana hapa Pasua, jua la Moshi likiwa limeamua kutumaliza, nilikuwa nafungulia mpira saa saba mchana. Naona sukuma imelegea, naihurumia, naimwagia. Udongo unang'aa dakika kumi, kisha unapasuka kama kisigino. Bili ilipokuja mume wangu aliisoma kwa sauti, polepole, wifi yangu akiwepo. Halafu akauliza fungu la sukuma pale Mbuyuni ni bei gani. Wifi alicheka. Sijasahau.

Aliyeniokoa ni mama mkwe aliposhuka kutoka Kibosho. Aliinama, akachokora tuta kwa kidole, akasema, "Mwanangu, mbona udongo umeuacha uchi?" Kihambani kwake, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, huoni udongo; ni majani makavu na vipande vya mgomba. Ukifunua unakuta unyevu na minyoo, hata wiki ambayo zamu yao ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, haijafika.

Mimi migomba sina. Nikaenda mashine ya mpunga huko Mabogini, nikarudi na magunia manne ya pumba kwenye bajaji. Jirani akasimama getini, akauliza kama nimeanza kufuga kuku. Nikabomoa matuta yaliyoinuka, nikachimba vijaruba vilivyozama kidogo, nikachanganya samadi iliyooza, nikatandaza pumba unene wa vidole vinne bila kugusa mashina, nikazilowesha zisipeperuke. Sasa namwagilia alfajiri, kwa kopo, shinani. Mchana sukuma ikilegea naiacha. Jioni inasimama yenyewe. Isiposimama nachoma kidole ardhini: nikikuta unyevu kwenye kifundo cha pili, narudisha kopo.

Ndoo nne za kila siku zimekuwa mbili, tena naruka siku. Moja kati ya hizo ni maji ya kuoshea mchele na mboga. Ya sabuni ya unga siyapeleki bustanini.

Sasa ndugu zangu tuambizane ukweli. Mnakimbilia tenki la lita 1,000 udongo ukiwa wazi! Tenki ni zuri, hata mimi nalitamani: paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 10 tu, ni karibu lita 400. Lakini ukiyamwaga kwenye udongo mtupu jua litayanywa yale yale. Funika kwanza. Narudia, funika, hata kwa majani uliyofagia uani.

Wifi alikuja Jumapili, akaondoka na mafungu matatu. Jirani naye jana alisimama pale pale getini, akauliza pumba nazitoa wapi. Nikamwambia ni za kuku.