Kisigino kinauma asubuhi: nivae kiatu gani mapokezini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 41, nafanya kazi mapokezi ya hoteli hapa Moshi, naishi Majengo. Ni miezi sasa kisigino cha kulia kinanichoma nikishuka kitandani, kama nimekanyaga msumari. Nikitembea kidogo kinatulia, halafu jioni baada ya zamu kinarudi. Nilipiga eksirei nikaambiwa kuna kijimfupa kimeota. Dada zangu wakanishauri niachane na skuna, nikahamia kwenye simpo, naona ndiyo kwanza maumivu yamezidi. Kazini raba haziruhusiwi, na mimi mwenyewe sitaki kuonekana kama nimetoka wodini. Kuna kiatu cha kila siku kinachosaidia mguu na bado kikapendeza? Mtumba unafaa? Na mwezi ujao kuna sendofu ya mdogo wangu, nitavaa nini? – Msomaji, Majengo

JIBU: Marahaba, mama. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, ingawa mjini kwetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa hivyo na nimeshazoea.

Hiyo habari ya asubuhi imenipa zaidi ya nusu ya jibu. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutawanyika hadi vidoleni. Ndio unaoshikilia ule uvungu wa mguu usibonyee. Usiku ukilala, mguu unaning'inia kuelekea chini, utando na misuli ya kigimbi vinakaa vimefupika. Ukikanyaga sakafu alfajiri vinavutwa kwa mkupuo, na pale utando unaposhikana na mfupa panalia. Hatua chache baadaye vinalegea, unaona nafuu. Jihakikishie hivi: bonyeza kwa dole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani, pale uvungu unapoanzia. Ukiruka, ndipo penyewe.

Kijimfupa cha kwenye eksirei kisikunyime usingizi. Watu wengi wanacho na hawajawahi kuumwa kisigino hata siku moja, na wengi wenye maumivu kama yako hupona huku kijimfupa kikiwa palepale. Hakiondolewi kwa sababu tu kimeonekana. Na kama jirani ameshakuambia ni gauti na kukukataza nyama choma, muulize gauti gani hiyo isiyovimba. Gauti hupenda kiungo cha kidole gumba cha mguu, huja kwa kishindo, kiungo hugeuka chekundu, na hata shuka likikigusa hakivumiliki. Yako haisomeki hivyo.

Sasa simpo. Dada zako walikuwa na nia njema, na kuhusu skuna hawakukosea: kisigino kirefu na chembamba hukusukuma mbele, uzito wote ukaangukia kwenye vidole, na kigimbi kikizoea kukaa kifupi kinakuwa kigumu. Lakini kutoka skuna kwenda simpo ni kuruka shimo na kuangukia jingine. Simpo nyingi zinazouzwa mjini ni kipande cha ngozi bandia juu ya soli nyembamba, nyuma laini, ndani bapa kabisa. Kigimbi chako kilichozoea kuinuliwa kinashushwa ghafla hadi chini, kinavuta kano ya kisigino, na kisigino kinavuta utando wenyewe. Ongeza saa nane za kusimama juu ya vigae. Si ajabu maumivu yamezidi.

Mguu kama wako unataka kiatu chenye kisigino kifupi na kipana, kilichoinuka kati ya sentimita 2 na 3 hivi kuliko sehemu ya mbele. Hicho kinapunguza mvuto wa kigimbi bila kukutupa kwenye vidole. Watu wanashangaa nikiwaambia bapa kabisa si dawa, ila ukishajua namna utando unavyovutwa, unaona ni jambo la wazi.

Dukani, kabla hujatazama rangi wala bei, kishike kiatu mikononi. Bana sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino. Ikibonyea kama karatasi, kirudishe. Kisha kikunje: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati. Kikikunjika katikati, uvungu wa mguu wako utakuwa unabeba kazi ambayo soli imeikataa. Mwisho kishike mbele na nyuma ukisokote namna unavyokamua nguo. Kigome kidogo. Nikilazimika kuchagua jaribio moja tu kati ya hayo, nitachukua la kukunja, kwa kuwa ndilo linaloangusha viatu vingi vizuri vya kuangalia.

Nenda jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kazi za siku. Pima miguu yote miwili na ununue kwa ule mkubwa, kwa sababu mara nyingi hailingani. Simama, usikae, mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya kama upana wa dole gumba. Usikubali ya muuzaji kwamba “kitatanuka”. Ngozi halisi inalegea kidogo kwa upana, urefu hauongezeki, na ngozi bandia haikupi hata huo upana. Namba nayo isikudanganye: namba moja ya Ulaya ni kama milimita 7, ya Uingereza ni kama milimita 8 na nusu, na kila kiwanda kina 39 yake.

Njia ninayoipenda ni ya karatasi. Kanyaga karatasi ukiwa umesimama, mtu akuchoree mguu kwa penseli, ukate, uende nayo dukani. Ukiiweka juu ya soli ikamwagika pembeni, kiatu hicho kitakubana hata kama muuzaji ataapa. Utashangaa ni skuna ngapi zitafeli hapo.

Tuje kwenye kupendeza, maana ndiyo hasa umeniuliza, na sioni sababu ya mtaalamu kulidharau jambo hili. Kiatu kisichokupendeza utakiacha chini ya kitanda, na kiatu kilicho chini ya kitanda hakimtibu mtu. Bahati yako ni kwamba msaada wote unakaa chini na nyuma ya kiatu. Kule juu unaweza kufanya unalotaka. Kwa mapokezini ningekutafutia kiatu cheusi cha ngozi chenye mkanda unaopita juu ya mguu, pua ya duara au ya mlozi badala ya iliyochongoka, kisigino kipana cha kama sentimita 3. Ule mkanda si pambo tu. Kiatu kisicho na mkanda wala kamba kinashikiliwa na vidole, vinajikunja kila hatua ili kisivuke, na ukitoka zamu unyayo umechoka mara mbili. Moka ya kike iliyopanda juu kidogo inafaa pia. Vile viatu vyenye soli nene inayopanda taratibu kutoka mbele kwenda nyuma bila kuachana ni vizuri sana, mradi kupanda kwake kusizidi hizo sentimita 3 na soli isiwe gogo lisilokunjika kabisa mbele.

Buti za kupandia mlima, ambazo mjini kwetu hazikosekani, niliwahi kuona watu wakizinunua kwa ajili ya kisigino. Ni imara, lakini ni nzito na ngumu, zimetengenezwa kwa mawe. Waachie wapagazi.

Mtumba unafaa, tena pale soko la Memorial unaweza kupata ngozi nzuri kuliko ya dukani kwa pesa kidogo. Ila kinunue kwa macho makali. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma: kikiegemea upande, aliyekivaa kwanza alikuwa anakanyaga upande, na mguu wako utalazimishwa kumfuata. Tazama kisigino kimelika wapi. Toa soli ya ndani. Ikiwa na alama za vidole vya mtu mwingine, itupe uweke mpya. Halafu kuna ugonjwa wa viatu vya mtumba ambao wengi wameupata bila kujua jina lake: kiatu kinang'aa kama kipya, unakivaa siku chache, soli inaanza kumeguka vipande. Soli za poliyurethani, aina ya plastiki, huharibiwa na unyevu na joto kadiri miaka inavyopita, hata kiatu kikiwa kimekaa tu kabatini bila kuvaliwa. Kunja soli mbele ya muuzaji na utazame pembeni yake. Ukiona nyufa ndogondogo, au inanata, au inatoa unga, hata ukipewa bure usichukue.

Fundi viatu naye usimsahau. Kama una viatu vyenye umbo zuri ila ni bapa, mwambie akuwekee tabaka la mpira mgumu wa sponji chini ya kisigino, sentimita moja hivi, na afanye hivyo viatu vyote viwili hata kama unaumwa mguu mmoja, la sivyo nyonga na kiuno vitakudai. Anaweza pia kukushonea mkanda, au kukifunika kiatu kwa kitenge kinacholingana na gauni. Sandali za shanga ni nzuri, ila nyingi ni bapa na hazishiki nyuma. Fundi huyohuyo aongeze mkanda wa nyuma na hiyo sponji, zitakufaa kwa matembezi mafupi.

Soli za ndani zenye mwinuko wa kubeba uvungu wa mguu, zile zinazouzwa tayari, anza nazo, kwa maumivu ya aina yako mara nyingi husaidia sawa na za kupimiwa, na bei ni tofauti kabisa. Zikishindwa, au kama mguu wako una umbo la pekee, hapo ndipo uende kupimiwa. Tunao wataalamu: TATCOT, chuo kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo, kipo hapahapa Moshi, eneo la hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1981.

Nyumbani ndiko wengi wanakoharibu. Unatoka kazini na kiatu kizuri, unafika unakivua, unapika na kufua pekupeku juu ya sakafu ya saruji. Weka ndala nene zenye mwinuko kama huo kando ya kitanda, ziwe za ndani tu, na hatua ya kwanza ya asubuhi ikanyage hizo.

Tena kiatu pekee hakitamaliza kazi. Kabla ya kushuka kitandani, pitisha kanga chini ya vidole, vuta mguu kuelekea kwako kwa sekunde 10, rudia mara 10. Mchana na jioni simama ukitazama ukuta, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, egemea mbele sekunde 30, mara tatu. Jioni viringisha chupa ya maji iliyoganda chini ya unyayo kwa dakika 10, ukiwa umevaa soksi. Nafuu huja kwa wiki, si kwa siku, na wengi hupona ndani ya mwaka bila kisu. Sindano ya steroidi ipo, hutuliza kwa muda, lakini inaweza kudhoofisha utando hadi ukachanika, kwa hiyo isiwe ya kukimbilia.

Ukiwa na kisukari, au unyayo una ganzi, usifuate haya peke yako. Mguu usiohisi hauwezi kukuambia kiatu kinaumiza. Vivyo hivyo kisigino kikivimba, kikiuma usiku hata umelala, au maumivu yakianza ghafla baada ya kuruka au kuanguka, nenda hospitali kwanza, viatu baadaye.

Kuhusu sendofu: vaa skuna ya kisigino kinene, isizidi sentimita 5, yenye mkanda wa kifundoni. Ivae nyumbani jioni chache kabla ya siku yenyewe. Ingia nayo ukumbini, piga nayo picha, mpeleke mdogo wako mbele. Keki ikishalishwa na muziki ukianza, vitoe kwenye mkoba vile viatu vya kitenge alivyokutengenezea fundi, vyenye rangi ya sare yenu. Mkanda uwe umefungwa vizuri, maana wakwe wakianza kucheza hutaruhusiwa kukaa.