Jibu: Kata inaonekana ya wastani ila mitaa mingine imechoka

Mambo mkuu. Kama nimekupata, namba ya umaskini ya kata yako hapo England inatoka ya wastani wakati ukitembea unaona kabisa kuna mitaa iko hoi na mingine watu wanajiweza. Lilinikuta hilohilo.

Anza kuangalia hiyo namba imetoka wapi, maana faharasa ya umaskini ya 2019 (kipimo cha serikali kinachopanga maeneo kuanzia yaliyo hoi zaidi) haikupimwa kwa kata, imepimwa kwa vieneo vidogo vya watu kama 1,500 hivi, viko 32,844, na nafasi ya 1 ndo hoi kuliko zote (mimi niliwahi kuisoma kinyume, aibu tupu). Sasa mtu akichukua wastani wa kata nzima, kieneo kilichochoka kinamezwa na majirani zake. We viweke vyote kimoja kimoja, achana na wastani kwanza, tazama pengo kati ya cha chini kabisa na cha juu, hapo ndo utaona tofauti. Ukilazimishwa kutoa namba moja tumia alama (kiasi cha umaskini chenyewe) sio nafasi, na uzingatie idadi ya watu wa kila kieneo.

Halafu cheki mipaka, vieneo vile ni vya sensa ya 2011 na kata nyingi zimechorwa upya baadaye, vingine vinakatwa katikati.

Fungua na vipengele vyake 7 pia, kipato na ajira vimebeba 22.5% kila kimoja ila kata yangu mimi kilichoivuta chini ilikuwa elimu.

Na ukimpelekea diwani mwambie hiyo faharasa inapima eneo, sio mtu mmoja mmoja.